Firigisi ya Baba Vivian

Kila Jumamosi asubuhi nafua mashati ya mwanamume ambayo hayajavaliwa. Nayatoa kabatini yakiwa safi, yamepigwa pasi, nayafinyafinya mikononi mpaka yapate mikunjo, kisha nayatumbukiza kwenye karai. Nayafikicha, nayasuuza, nayaanika upande wa mbele wa kamba, mikono chini, kola juu. Usinicheke. Ukicheka nitajua tu hujawahi kuishi Buruburu, mahali ambapo dirisha la jikoni la jirani linatazama moja kwa moja kwenye kamba yako ya nguo.

Jirani mwenyewe anaitwa Mukami. Si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa nafuu, mtu mbaya unamkwepa. Huyu ni mwema, wa kanisani, anakuletea ndizi akitoka kwao, na huku anakupa ndizi macho yanahesabu viatu vilivyoko mlangoni. Akiona jambo, jioni hiyo hiyo linajulikana mpaka kituo cha basi.

Sasa nisizunguke mbuyu. Mume wangu Wasike, Baba Vivian, alikwenda zake. Alikuwa karani wa serikali, akapewa uhamisho Nakuru. Mwanzoni alikuwa akija kila mwisho wa mwezi, kisha akawa anakuja sikukuu, kisha akawa haji kabisa. Nikasikia kuna mwanamke. Baadaye nikasikia kuna na mtoto. Nililia nikamaliza, nikajipangusa, nikarudi kwenye mashine yangu ya kufuma sweta za shule, maana wazazi wanataka sweta za watoto wao, hawataki machozi yangu.

Utaniuliza, kwani si useme tu mume ameondoka? Wangapi wameachwa hapa Nairobi na wanatembea vichwa juu? Haya, sikiliza. Mimi ni Mideva, Mmaragoli. Wasike ni Mbukusu wa upande wa Webuye, na baba yake, Mzee Opicho, ni mzee wa kanisa na mzee wa ukoo, mtu ambaye akikohoa uani hata mbwa anaketi. Ng'ombe wa mahari yangu walitoka zizini kwake. Na kwake yeye, ndoa ikivunjika, mwanamke anaondoka na nguo zake na mtoto anarudi kwa ukoo. Mke wa binamu yake Wasike alinyang'anywa watoto hivyo hivyo. Walikwenda likizo ya Agosti na kibegi kidogo cha nguo, na mpaka leo hawajarudi. Aliponisimulia alikuwa bado anazo sare zao za shule, amezikunja vizuri.

Mimi nina Vivian tu. Mwaka huo, tisini na saba, alikuwa darasa la tatu, meno ya mbele yameng'oka, mdomo hauna breki. Basi nikaamua Baba Vivian hajaondoka. Nikamweka.

Kumweka mtu ambaye hayupo ni kazi, mwenzangu, usione mchezo. Viatu vyake vyeusi nilivipiga rangi na kuviweka mlangoni, na kila mara nilivigeuza, leo vinatazama ndani, kesho nje. Nilinunua gazeti la Ijumaa nikaliacha kwenye kiti cha uani likiwa limekunjwa ukurasa wa michezo, mimi ambaye sijui goli ni lipi. Asubuhi nilisimama chini ya ngazi nikaita kwa sauti, "Baba Vivian, chai inapoa!" Kisha nikapanda mwenyewe na kikombe, nikainywa nimeketi kitandani, ingali moto, inaniunguza ulimi, kwa sababu Vivian alikuwa anachelewa shule.

Halafu nikagundua kosa. Nyumba ilikuwa na amani kupita kiasi. Mke na mume gani wanakaa mwezi mzima bila kelele? Nikaanza kugomba. Nilichagua siku Mukami akiwa jikoni kwake, nikabamiza sufuria, nikapiga kelele, "Umenizoea wewe! Mimi si mfanyakazi wako! Unanyamaza nini, si unijibu?" Hakunijibu, bila shaka. Kesho yake Mukami alinifuata getini, akanishika mkono. "Vumilia, mama. Wangu pia ndivyo alivyo, akikosewa ananyamaza." Nikamwambia asante. Niliporudi ndani nilicheka mpaka nikaketi sakafuni, na kicheko chenyewe kikageuka kilio sijui saa ngapi.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha. Sikuweza kuugua, kwa sababu watu wangeingia kunitazama. Sikuweza kukaribisha akina mama wa kanisa zamu yangu ilipofika. Nilisema Baba Vivian hapendi kelele, na nikasikia wakisema nimeolewa na mkali. Afadhali mkali kuliko hayupo.

Alhamisi moja ya Agosti, shule zimefungwa, shemeji yangu Mukhwana akaja. Ni mdogo wake Wasike. Anafanya kibarua kiwandani, anakaa Mukuru kwa Njenga, na siku hiyo alikuwa ametembea kwa miguu mpaka kwangu. Aliketi kwenye ukingo wa kochi kama mtu anayetaka kuondoka kabla ya chai.

"Shemeji," akasema, "mama anakuja Jumamosi."

"Karibu sana. Kwani kuna nini?"

"Kuna mtu wa kwetu alimwambia mzee kwamba Wasike haonekani Nairobi. Mzee amekasirika. Amemtuma mama aje aone kwa macho yake. Kama Wasike yuko na nyumba yake, sawa. Kama hayuko..." Akamtazama Vivian, aliyekuwa amelala kifudifudi akichora nyumba yenye moshi. "Wamesema atakwenda na nyanya yake likizo."

Likizo! Nikaziona zile sare zilizokunjwa.

"Wasike yupo," nikasema. "Ni vile ametoka kikazi. Garissa. Tangu jana."

"Ndio hivyo," Mukhwana akasema, akitazama kofia yake. Sikujua kama alijua. Nilichojua ni kwamba baba yake akimuuliza, atasema alichokiona, kwa sababu hajawahi katika maisha yake kumficha Mzee Opicho kitu.

Ijumaa yote nilimfundisha Vivian.

"Baba yuko wapi?"

"Garissa. Kazini."

"Alikwenda lini?"

"Jumatano."

"Anarudi lini?"

"Kazi ikiisha. Na alinibeba akanirusha juu kabla ya kwenda."

Hilo la kumrusha sikulifundisha mimi. Aliliweka mwenyewe, na uso ukamchangamka akilisema. Nikageuka nikajifanya natafuta chumvi.

Jumamosi, asubuhi mapema, Mama Nabiswa, mama mkwe wangu, akashuka getini na Mukhwana akimbebea mzigo. Ni mwanamke mfupi, mweusi tititi, wa maneno machache. Chini ya kwapa alikuwa amefunga jogoo mwekundu kwa leso, kichwa nje, anatazama Buruburu kwa dharau.

"Mulembe, Mama Vivian."

"Mulembe, mama. Karibu nyumbani."

Alisimama mlangoni. Akaviangalia vile viatu vyeusi muda kidogo, kisha akavua vyake akaviweka kando yavyo. "Huyu jogoo ni wa Wasike," akasema. "Nimemlisha mwenyewe tangu kifaranga. Baba yake amesema nisirudi mpaka nimemwona akimla."

Kuku kwetu Waluhya si mboga tu. Ana vipande vyenye wenyewe. Na firigisi, ile tunayoiita imondo, ni ya mwenye nyumba. Haiguswi na mgeni, haiguswi na mke, mtoto ndiyo usiseme. Mwenye nyumba akiwa mbali, inafunikwa kwenye sahani yake imngoje. Nyumba ambayo imondo haina wa kumngoja, watu wanajua hiyo ni nyumba ya namna gani.

"Yuko safari, mama," nikasema. "Garissa."

"Nimeambiwa. Nitangoja."

Mashati nilikuwa nimeyaacha kwenye karai makusudi ili ayakute. Loo, bora ningeyaanika! Hata chai hakumaliza, akakunja mikono ya nguo. "Acha nimfulie mwanangu," akasema, akachukua lile la buluu. Akaigeuza kola. Akaitazama. Akaileta karibu na pua, taratibu, akaishusha.

"Kola safi hii."

"Siku hizi anaoga asubuhi na jioni, mama."

"Wasike huyu?"

"Mambo ya ofisi."

"Mji," akasema, akaendelea kufikicha pale palipokuwa safi. Mimi nilifikicha upande wangu. Maji ya karai yalibaki meupe pe.

Jogoo, aliyefungwa mguu kwenye bomba la uani, akawika. Mara dirisha la Mukami likafunguka, na mwenyewe akatoa kichwa, mwiko mkononi. "Mama Vivian, leo kuna sherehe?"

"Ni mama mkwe wangu amefika."

"Aaa! Karibu Nairobi, mama! Baba Vivian atafurahi kweli. Jana usiku nilimsikia akikohoa, nikasema huyu mtu anahitaji tangawizi."

Sijawahi kukohoa kiume maishani mwangu. Sijui Mukami alisikia nini, au alisema tu ili aonekane jirani mwema. Nilisimama na shati linachuruzika maji mguuni. Mama Nabiswa aliinua macho.

"Si alikwenda Jumatano?"

"Alirudi jana, mama, akalala, akatoka tena alfajiri. Alikuja kuchukua sweta."

"Ya kwenda nayo Garissa, kule kwenye joto?"

"Usiku kuna baridi, mama."

"Garissa," akasema kwa upole, kama mtu anayejifunza neno jipya. Vivian alikuwa amesimama mlangoni, na nikamwona midomo inamchezacheza. Alikuwa anajaribu kuweka sweta mahali pake kwenye ile hadithi. Mtoto wa darasa la tatu! Nilitaka kumfunika na karai asione, asisikie.

Jumapili tulikwenda kanisani, tukarudi. Nikadhani tutakula tu wali na maharagwe siku ipite. Mama Nabiswa akasema, "Kazini kwake hakuna simu?"

"Ipo, lakini leo ni Jumapili."

"Watu wa safari hawana Jumapili. Twende nimsalimie."

Ungefanya nini? Tukaenda, mimi, yeye na Vivian, mpaka kwenye vibanda vya simu pale madukani. Niliomba Mungu foleni iwe ndefu, lakini hata mtu mmoja hakuwepo. Nikaingia. Wao wakabaki nje ya kioo, Vivian amemshika nyanya yake mkono. Nikaweka sarafu, nikabonyeza namba za kubahatisha, nikasikia ule mlio mrefu wa laini isiyokwenda popote. Nikaanza.

"Halo? Naomba Wasike. Ndiyo, nangoja." Nikangoja. Nikatazama nje nikatabasamu. "Halo, Baba Vivian! Tuko salama. Mama yako amefika. Eeh, ana afya nzuri. Nini? Wiki nyingine tena? Jamani, hao wakubwa wako hawana huruma. Umekula? Usinywe maji ya huko bila kuchemsha." Nilikuwa nimeshika kasi. Nilimuuliza mgongo wake unaendeleaje. Na hapo, wallahi, nikasahau nilichotaka kusema, kwa sababu hata alipokuwepo sikukumbuka mara ya mwisho nilipomuuliza mgongo wake, wala yeye wangu.

Mama Nabiswa akagonga kioo. "Nipe mimi."

Mkono wake ulikuwa umenyooka, kiganja wazi. Nilimwona Vivian nyuma yake, macho yametoka. Simu ilikuwa inalia sikioni mwangu tuuu, na hakuna mahali pa kukimbilia, kibanda kile mtu hawezi hata kugeuka.

"Halo? Halo?" nikapiga kelele. "Baba Vivian? Sarafu imekwisha, mama! Imekatika!"

"Pole," akasema. Hakuuliza kama nina sarafu nyingine. Zilikuwa mkononi mwangu, zinaniuma kwa vile nilivyozibana.

Njiani alisema neno moja tu. "Kama ni wiki, basi jogoo achinjwe leo. Kesho narudi. Imondo utamwekea, baba yake ataridhika."

Nilishukuru ndani ya moyo. Nilijiona nimevuka. Mukhwana akaitwa kuchinja, maana hatukuwa na mwanamume mwingine, na mimi nikanyonyoa, nikakata kwa ule utaratibu wa kwetu, kila kipande kizima. Firigisi niliipasua, nikaiosha, nikaivua ule utando wa njano, nikaiweka juu ya mchuzi ionekane. Nilipika ugali mzito, na mboga za kienyeji. Nyumba ikanukia, dirisha nikaliacha wazi ili Mukami naye anuse. Nilimweka Mukhwana upande huu, mama upande ule, na kile kiti cha mbele, cha mwenye nyumba, nikakiacha kitupu na sahani yake mbele yake. Nilikuwa nimepanga kila kitu.

Jamani, nilipanga kila kitu isipokuwa tumbo la mtoto.

Tangu Wasike aache kuja, nilikuwa nikipika kuku mara chache, Krismasi, Pasaka. Mara ya kwanza niliifunika firigisi imngoje. Ilingoja mpaka ikatoa harufu. Nikasema potelea mbali! Mara iliyofuata nikampa Vivian, na mara nyingine tena, mpaka ikawa yake, haulizi. Nilimfundisha Garissa, nikamfundisha Jumatano, na sweta akajifunza mwenyewe. Hili halikunipita hata akilini.

Mukhwana alisali. Tukasema amina. Nikachukua mwiko, nikaiinua firigisi, na kabla sijaifikisha kwenye sahani ya kile kiti kitupu, Vivian akasukuma sahani yake mbele kwa furaha yake yote.

"Mama! Imondo yangu!"

Mukhwana aliacha tonge hewani. Alimtazama mtoto, akakitazama kile kiti, akanitazama mimi, na nikaona kwenye uso wake ile habari ikijipanga, namna atakavyomwambia mzee. Nilijua sasa imekwisha. Ningesema nini? Mtoto wa kike anaita imondo yake nyumbani kwa Mbukusu! Mchuzi ukadondoka mezani kutoka kwenye mwiko. Vivian naye akaona nyuso zetu, akaanza kurudisha sahani yake polepole.

Mama Nabiswa akacheka.

Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. "Ee, mnashangaa nini?" akasema. "Nilimwahidi mimi asubuhi. Huyu si ana jina la nyumbani la mama yangu mzazi? Mama yangu alikuwa mkorofi hivi hivi, alikuwa akiiba imondo jikoni, baba anamfukuza uwanja mzima. Akidai kitu, ni mama anadai. Nani atamnyima? Mpe, Mama Vivian. Wasike nitamtafutia jogoo mwingine."

Mukhwana akatabasamu, mabega yakamshuka. Mambo ya majina ya wazee hayana ubishi. "Kweli," akasema, "nyanya alikuwa hivyo nasikia." Akala tonge lake. Nikaiweka firigisi kwenye sahani ya Vivian. Hakuila kwa haraka. Alikuwa anatutazama, mmoja mmoja.

Hakuna ahadi iliyotolewa asubuhi. Asubuhi tulikuwa kanisani wote, bega kwa bega.

Mukhwana alipotoka kwenda kumwaga manyoya, nilimfuata mama mkwe jikoni. Alikuwa anasugua sufuria kwa majivu ambayo sijui aliyapata wapi. Machozi yalikuwa yamefika.

"Mama, nataka nikwambie kitu. Wasike..."

"Usiniambie."

"Mama, siwezi tena..."

"Nimesema usiniambie." Hakugeuka. "Ukiniambia nitakuwa nimeambiwa. Nikifika, Opicho ataniuliza, 'Uliambiwa nini?' Na mimi ni mtu wa kanisa, siwezi kumdanganya mume wangu. Lakini akiniuliza niliona nini, nitamwambia nilichoona. Nimeona viatu mlangoni. Nimefua shati lake kwa mikono yangu. Jirani amesema alimsikia akikohoa. Hayo si nimeyaona na kuyasikia?"

"Ndiyo, mama."

"Na kuna mengine niliyoyaona Desemba, sokoni Webuye, mtu na mtu na mtoto mgongoni. Hayo pia hakuna aliyeniambia. Nilisema wasikanyage kwangu, nikanunua chumvi yangu nikarudi nyumbani."

Nikaegemea ukuta. Alikuwa anajua. Wakati wote ule, kola, sweta, simu, alikuwa anajua! Hasira ilinipanda, nikataka kumuuliza kwa nini amenizungusha siku mbili kama mbuzi wa mnada. Akanitangulia.

"Wale watoto wa binamu yake Wasike, unajua nani anawalea? Opicho? Ni mimi. Wakija wanalia miezi. Wanaita mama yao, naamka mimi. Wakinyamaza ndiyo mbaya zaidi, wanakutazama tu. Sitaki mwingine. Ilibidi nione kama unaweza kushikilia, maana siku wakimtuma mtu mwingine, mimi sitakuwepo kusema habari za mama yangu."

"Nishikilie mpaka lini?"

Alisuuza sufuria, akaipindua ikauke. "Mpaka msichana awe mkubwa wa kujisemea. Ukichoka wewe, mimi nitakuwa nimesema uongo, na mtoto atakuja kwangu. Basi usichoke."

Hivyo tu. Muda wote ule nilikuwa nadhani siku mtu mmoja akijua, nitapumua. Kumbe siri ikishikwa na wawili, hata ruhusa ya kuiachia inabidi uombe. Zamani ningeweza, siku moja yenye hasira, kufungua dirisha nikamwambia Mukami kila kitu, potelea mbali. Sasa nikifungua mdomo, nawaangusha watu wawili.

Jumatatu asubuhi alifunga mzigo wake. Akaenda kwenye kamba, akalianua lile shati la buluu, akalikunja.

"Hili nampelekea Opicho. Atalivaa Jumapili, kila mtu aone limetoka kwa Wasike."

"Mama, si ulisema huwezi kumdanganya?"

"Si la Wasike? Si limetoka kabatini kwake?" Akalitia kwenye mfuko. "Nunua lingine, rangi hiyo hiyo, uanike."

Akambusu Vivian kwenye paji la uso, akavaa viatu vyake, na vile vyeusi vya mwanawe akavigeuza kidogo kwa ncha ya mguu, vikatazama nje. Kisha akaenda. Baadaye Mukhwana aliniambia mzee alilivaa kanisani, na alipopanda mbele kusoma, akawaambia washirika kijana wake hajamsahau. Walimpigia makofi.

Nilinunua lingine. Ninalifua.

Krismasi iliyofuata nilipika kuku, mimi na Vivian wangu tu. Nilikuwa nimeamua siku hiyo nisiigize kitu. Sikuita mtu ghorofani, sikugomba, gazeti sikununua. Nilitaka tule tu kama watu. Nikaichukua firigisi nikaiweka kwenye sahani yake, nikamwambia, "Haya, imondo yako."

Hakuigusa. Aliinuka, akaichukua kwa kijiko, akaipeleka kwenye sahani ya kile kiti kitupu, akaifunika na sahani nyingine. Akasema kwa sauti kubwa, ile sauti yangu mwenyewe ya chini ya ngazi, "Hii ni ya baba! Akirudi ataikuta!"

"Vivian," nikamwambia, "kula, mwanangu. Tuko wawili tu. Hakuna mtu."

Akaketi, akajivutia sahani yake, akaniinamia ili aseme polepole.

"Mama," akasema, "dirisha liko wazi."